Kisanduku Nyuma ya Chungu cha Maua

Mwalimu huyu wa udereva, wanafunzi wake walimbandika jina la Breki, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake, na katika miaka yote ya kazi hiyo, ya kwake ndiyo iliyochakaa. Mguu wake wa kulia ulishazoea vibaya. Mkewe akipita kwenye kona ya meza na birika la chai mkononi, Breki alikanyaga sakafu. Mchezaji kwenye televisheni akikimbilia goli, alikanyaga sakafu. Hata kitandani alikanyaga, na aliyekanyagwa ni mkewe, mpaka mama wa watu, ambaye alikuwa mshonaji na alihitaji miguu mizima kwa ajili ya cherehani, akahamia upande wa ukutani na kuweka mto katikati kama ukingo wa barabara.

Daktari alimpima presha, akatikisa kichwa, akampima tena. Kisha akamwuliza anapenda kufanya nini akiwa hana kazi. Breki alifikiri, akajibu kwamba hupenda kukaa dirishani na kuangalia jinsi watu wanavyoegesha magari vibaya. Daktari akasema hiyo si burudani, hiyo ni kazi ya ziada isiyo na mshahara, na akamwagiza atafute kitu kingine, chochote kile, mradi kisiwe na magurudumu.

Mkewe alijaribu kumpa bustani ndogo ya nyuma ya nyumba. Haikupita muda Breki akawa amegombana na kuku wote wa jirani, kwa kosa la kuvuka bila kutazama pande zote mbili.

Aliyemtoa hapo ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa meno ya bandia. Alikuwa mtu asiye na haraka, ambaye angeweza kushinda mchana kutwa akilisugua jino moja huku akiimba puani. Jumapili moja alikuja kula, na vyombo vilipoondolewa akatoa mkobani kisanduku cha plastiki, aina ile ya kuwekea mabaki ya chakula, akakisukuma mezani hadi mbele ya Breki. Ndani mlikuwa na daftari dogo ndani ya mfuko wa nailoni, na muhuri wa raba uliochongwa kwa mkono. Ulikuwa na picha ya kobe anayecheka, na kobe huyo alikuwa na meno kamili, ya juu na ya chini.

Shemeji alieleza taratibu. Kuna watu, alisema, ambao huficha visanduku kama hicho mahali panapofikika na kila mtu: bustanini, nyuma ya sanamu, chini ya daraja la waenda kwa miguu. Mwenye kuficha huandika maelekezo, na wengine huyafuata. Ukikipata kisanduku unagonga muhuri wake kwenye daftari lako, unagonga muhuri wako kwenye daftari lake, unakirudisha kama ulivyokikuta, unaenda zako kimya kimya. Kila mchezaji ana muhuri aliouchonga mwenyewe, na jina lake la mchezo.

Breki aliuliza mshindi hupewa nini. Shemeji akasema hakuna mshindi. Breki akauliza, basi anayeshindwa hufanywaje. Shemeji akasema hakuna anayeshindwa pia. Breki akalizungusha jambo hilo kichwani. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ya watu kufaulu na kufeli, na kufeli kwenyewe wakati mwingine kulifanyika ndani ya ukuta wa mtu.

"Na gari halihitajiki?" aliuliza mwishowe.

"Ni miguu yako tu, shemeji."

Alimwachia kipande cha raba laini, kidau cha wino na kisu chembamba cha kuchongea nta kutoka karakana yake ya meno. Akamfundisha: unachora kwanza kwenye karatasi kwa penseli, unailaza karatasi kifudifudi juu ya raba, unaisugua mgongoni kwa ukucha, mchoro unahamia kwenye raba ukiwa umegeuka, halafu unachonga kuondoa kila kisichochorwa. Breki alisikiliza kwa sikio moja. Habari za vitu kugeuka kwenye kioo, alisema, asifundishwe yeye, mtu aliyelea watoto kwa kutazama vioo vya gari.

Akaandika moja kwa moja juu ya raba, BREKI, kwa herufi nene zilizosimama wima, akachonga ulimi ukiwa nje. Alipogonga, karatasi ilisomeka IKERB, na herufi zenyewe zilikuwa zimegeuza nyuso upande wa pili kama watu waliogombana. Mkewe alisogea, akaangalia, akauliza kwa adabu kabisa kama hiyo ni dawa ya kumeza au ya kupaka.

Muhuri wa pili aligeuza herufi zote akasahau moja. Wa tatu alizigeuza zote barabara, lakini wakati wa kuchonga akaondoa herufi zenyewe na kuacha vipande vya katikati yake vikining'inia, navyo vikakatika, na pamoja navyo ikakatika ngozi ya kidole chake cha shahada. Mkewe alimfunga kwa kitambaa kilichobaki kwenye gauni la mteja, na kwa siku kadhaa Breki akawafundisha watu kuingia barabara kuu kwa kidole chenye maua ya njano.

Ndipo akaachana na herufi. Aliamua kuchonga kiatu kikiwa juu ya pedali, picha ya kazi yake, na safari hii alifuata kila neno la shemeji. Alichonga kila jioni baada ya kazi, taratibu, akipuliza vumbi la raba, na mkewe akashangaa kwamba nyumba imekuwa na amani kiasi cha kusikia saa ya ukutani. Muhuri ulipotoka ulikuwa safi, wenye mistari iliyonyooka. Breki aliugonga kwenye karatasi. Aliiacha karatasi kwenye meza ya kushonea kana kwamba ameisahau, akajifanya anatafuta miwani.

Mkewe aliiona. "Samaki mzuri," alisema.

Breki akamwambia ni kiatu. Mkewe akaigeuza karatasi juu chini, akailaza ubavu, akauliza kama ni kiatu, jicho hili ni la nini. Breki akasema hilo ni tundu la kamba. Mkewe akakubali, akarudi kwenye pindo lake, kisha akashindwa kujizuia na kusema kwamba yeye ameshona miaka mingi na hajawahi kuona kiatu chenye mkia. Mkia wenyewe ulikuwa pedali.

Shemeji alipokuja, bila kuambiwa lolote na mtu yeyote, aliutazama muhuri kwa furaha ya kweli na kusema amempenda sana huyo samaki. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyemwingiza Breki kwenye kundi la simu la wachezaji, ndivyo alivyomwandikisha. Watu wasiomjua wakampokea kwa bashasha: karibu sana, Bwana Samaki. Breki alikaa na simu mkononi akitafuta namna ya kusahihisha, akaona maelezo yatakuwa marefu kuliko aibu yenyewe, akaandika ahsanteni.

Kisanduku cha kwanza alikitafuta na shemeji, katika bustani ya manispaa. Maelekezo yaliwapeleka hadi kwenye benchi la mawe karibu na bomba bovu. Breki aliangalia huku na huku kwa namna ambayo ingemfanya askari yeyote amfuate, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya benchi kwenye majani makavu, na vidole vikagusa plastiki. Hakujua kwamba moyo wa mtu mzima unaweza kuruka hivyo bila gari kuhusika. Aligonga muhuri wake ndani ya daftari lile, katikati ya kipepeo wa mtu na mwavuli wa mtu mwingine, akaupulizia wino ukauke. Njiani kurudi alimsimulia shemeji tukio zima tangu mwanzo, ingawa shemeji alikuwepo.

Tangu hapo akawa hana habari nyingine. Wanafunzi wake walisikia habari za visanduku kwenye kila taa nyekundu. Aliyezisikia zaidi ni hakimu mmoja wa mahakama ya mjini, mama mnene mtulivu, aliyekwisha kufeli mtihani wa leseni mara nyingi kiasi kwamba mtahini alikuwa akimwulizia watoto. Mahakamani watu wazima walitetemeka akikohoa. Ndani ya gari la Breki alikuwa akiambiwa kushoto anakwenda kulia, na Breki, pamoja na heshima zote, alishindwa kujizuia.

"Mheshimiwa," alikuwa akimwambia huku amekanyaga breki mpaka mwisho, "kushoto ni mkono wenye saa. Mtoto wa chekechea anajua."

Hakimu alikuwa akiomba radhi na kuwasha gari upya. Habari za mchezo alizisikiliza kwa makini, na siku moja akasema naye amejiunga na amejichongea kuku. Breki alifurahi. Jina lake la mchezo hakumtajia. Kumwambia hakimu kwamba yeye ni Samaki kulikuwa nje ya uwezo wake.

Wakati ulifika wa kuficha kisanduku chake mwenyewe. Alichagua maktaba, jengo la kijani lenye chungu kikubwa cha maua mlangoni, na msimamizi wa maktaba akamruhusu, mradi maua yasiguswe. Breki alikisukuma kisanduku nyuma ya chungu, akatoa kalamu, na ili asipoteze muda akaanza kuandika njia huku akitembea kutoka maktaba kwenda posta, mahali ambapo watafutaji wangeanzia. Kwenye makutano ya kwanza aligeuka kushoto, akaandika kushoto. Kwenye makutano ya pili aligeuka kulia, akaandika kulia. Nyumbani, mtu makini kama alivyo, alikumbuka kwamba wao watatembea kinyume na yeye, kwa hiyo akaipindua orodha, cha mwisho kikawa cha kwanza. Halafu akaipamba kwa lugha anayoijua, akaituma kwenye kundi:

"Simama mbele ya posta, mgongo ukiwa mlangoni. Hakikisha njia ni salama. Nenda mbele kwa mwendo wa kawaida hadi makutano ya kwanza. Geuka kulia. Endelea hadi makutano ya pili. Geuka kushoto. Mbele yako kuna jengo la kijani lenye chungu kikubwa cha maua mlangoni. Kisanduku kiko nyuma ya chungu. Usipokiona, kosa ni lako. Rudi mwanzo."

Ujumbe wa kwanza ulikuja siku mbili baadaye. Mwenye mwavuli alisema amefika, chungu amekiona, kisanduku hakipo. Breki akajibu: rudi mwanzo, fuata maelekezo. Wauguzi wawili waliotumia jina la Mapacha wakasema vivyo hivyo. Akawajibu vivyo hivyo. Mmoja akauliza kama kisanduku kimeibiwa. Breki alikwenda maktaba kwa gari, akapenyeza mkono nyuma ya chungu, akakikuta kisanduku kimetulia kama alivyokiacha, daftari jeupe pe. Akaandika kwenye kundi kwamba kisanduku kipo, yeye amekiona kwa macho yake, na kwamba tatizo la watu wa mji huu ni kutofuata maelekezo, jambo ambalo amelijua kwa muda mrefu.

Moyoni alikuwa na huzuni na raha kwa pamoja. Alimlalamikia mkewe. Mkewe aliuliza, na sindano zikiwa mdomoni, kama yeye mwenyewe ameshawahi kuyafuata hayo maelekezo kutoka posta. Breki aliona swali hilo ni tusi. Je, mwenye nyumba huulizwa njia ya kwenda chooni?

Mambo yakawa hivyo mpaka Jumamosi ambayo kinyozi wake wa siku zote alikuwa safarini. Nywele zilikuwa zimemzidi, akaelekezwa kwa kinyozi mwingine upande wa pili wa posta. Aliegesha gari nyuma, akaingia kwa mlango wa mbele, na alipokuwa anaingia alisema moyoni kwamba mtu huyu ana duka la kijani na chungu kizuri cha maua. Zaidi ya hapo hakuwaza kitu.

Kinyozi alikuwa mtu mwembamba mwenye uso uliochoka. Alimfunga shuka shingoni, akawasha mashine, akaanza upande mmoja, na alipofika karibu na utosi akaanza kumwaga yaliyokuwa yamemjaa. Alisema kaka, mimi nimefanya kazi hapa muda mrefu kwa amani, lakini wiki hizi kuna kitu kimeniingilia. Watu wanakuja kuchokonoa chungu changu. Wa kwanza alikuwa mama mwenye mwavuli, alisema samahani, akainua chungu, akasema samahani tena, akaondoka. Wakaja wauguzi wawili wakiwa na sare za kazi. Akaja bwana mmoja mkubwa, akalala kifudifudi mlangoni na wateja wakawa wanamruka. Nikamwuliza bwana, umepotelewa na nini? Akaniambia anatafuta kisanduku cha Samaki.

Breki aliganda ndani ya shuka.

Kinyozi aliendelea kwamba alibandika tangazo mlangoni, HAKUNA SAMAKI HAPA, kwa maandishi makubwa. Tangu siku hiyo wapita njia wakaanza kuingia na vikapu kuuliza samaki watafika lini. Mama mmoja alikasirika kabisa, akasema kama wamekwisha wangeandika wamekwisha. Lakini kinachomtisha zaidi, alisema, ni wale wa kwanza. Wanakuja, wanachungulia, wanasoma karatasi, wanaelekea posta, na baada ya muda mfupi ni wale wale wanarudi. Wanakwenda, wanarudi. Kuna waliorudi mpaka miguu ikawaisha, wakaingia kukaa, na kwa aibu ya kukaa bure wakanyolewa.

"Huyo Samaki," kinyozi alisema, mashine ikinguruma pembeni ya sikio la Breki, "nikimtia mkononi namnyoa nyusi. Zote mbili."

Breki alizitazama nyusi zake kwenye kioo. Zilikuwa nyusi za kawaida, lakini alizipenda. Alikuwa akijiambia kwamba akinyamaza mpaka mwisho wa kichwa atatoka salama, mlango ulipofunguka na hakimu akaingia. Alikuwa amevaa viatu vya kutembelea, ana jasho usoni, ana karatasi mkononi na mfuko wa muhuri begani. Kinyozi alianza kumwambia mama, hatuna samaki. Hakimu akajibu kwamba analijua hilo, hii ni mara yake ya nne leo, anaomba tu kiti. Akakaa. Akajipepea kwa ile karatasi. Kisha macho yao yakakutana kwenye kioo.

"Mwalimu," alisema hakimu.

"Mheshimiwa," alisema Breki.

Wakajuliana hali. Baada ya hapo hakimu aliikunjua karatasi, akaisoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma hati ya mashtaka. Alipofika kwenye hakikisha njia ni salama alisimama kidogo. Alipofika kwenye mwendo wa kawaida aliinua macho. Alipofika kwenye kosa ni lako, rudi mwanzo, aliikunja tena karatasi na kuiweka mapajani.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "katika mji huu, ni nani anayemwambia mtu anayetembea kwa miguu aende kwa mwendo wa kawaida?"

Kinyozi alizima mashine. Maji yakasikika yakidondoka kwenye karo. Breki angeweza kuruka ukuta kwa kusema hajui. Lakini mwanamke huyu alikuwa amesikia waongo wa kila aina kwa miaka mingi, naye Breki alikuwa na shuka shingoni na nusu ya kichwa.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye Samaki."

Kinyozi alivuta pumzi ndefu. Kabla hajasema kitu, Breki akajitetea. Alisema maelekezo ni sahihi, ameyaandika mwenyewe njiani, hatua kwa hatua, na kisanduku kipo hadi leo nyuma ya chungu, chungu kingine, cha maktaba, na watu wakifika hapa ni kwa sababu hawatofautishi kulia na kushoto. Hayo ya mwisho aliyasema akimtazama hakimu, halafu akatamani asingemtazama.

Hakimu hakukasirika. Alisema ubishi wa aina hii hauishi kwa maneno, mahakama itembelee eneo la tukio. Breki akaomba kichwa kimaliziwe kwanza. Kinyozi akasema hakimaliziwi kichwa hapa mpaka kieleweke, na kwa kuwa shuka ni lake, naye anakwenda.

Wakatoka hivyo, hakimu mbele, Breki katikati na shuka lake jeupe, nusu ya kichwa imeng'aa na nusu ina msitu, kinyozi nyuma na kitana sikioni. Watu walisimama kuwatazama. Muuza magazeti aliuliza kwa sauti ya huruma kama mzee anapelekwa hospitali. Breki alitembea kama mtu aliyezama kwenye mawazo mazito.

Mbele ya posta hakimu alimpa karatasi na kumwomba aongoze. Breki aliweka mgongo mlangoni, akasoma, akaenda mbele kwa mwendo wa kawaida. Kwenye makutano ya kwanza alisoma kwa sauti ya darasani, "Geuka kulia," na bila kusita akageuka na kuanza kwenda.

Nyuma yake hakuna aliyemfuata.

"Mwalimu," aliita hakimu. "Huo ni mkono gani?"

Breki alitazama mkono wake. Ulikuwa na saa. Miguu yake, iliyokuwa inaijua njia ya maktaba, ilikuwa imempeleka kushoto, huku mdomo ukisoma kulia. Alitazama karatasi, akatazama barabara, akatazama saa, kana kwamba mojawapo ingejirekebisha. Polepole ikamjia ile siku ya kuandika: alivyotoka maktaba kwenda posta, kushoto kisha kulia, na alivyoipindua orodha nyumbani bila kuigeuza mikono yenyewe. Na kilichomuuma zaidi, alipopiga hesabu pale pale njia panda, ni kwamba angekuwa mvivu akanakili orodha kama ilivyokuwa, kushoto kisha kulia, ingekuwa sawasawa.

Alisubiri afokewe. Alijua kabisa maneno ambayo mtu hufokewa mahali kama hapo, maana mengi aliyatunga yeye. Hakimu alikuwa amesimama pembeni ya barabara, mikono ameifumbata, anamsubiri tu.

"Mheshimiwa," alisema Breki, "yale ya mtoto wa chekechea. Nisamehe."

"Umesamehewa," alisema hakimu. "Kila upande utabeba gharama zake. Twende."

Akampita, akageuka kushoto, na kwenye makutano ya pili akageuka kulia, bila kuuliza na bila kutazama saa. Jengo la kijani likasimama mbele yao. Alimwachia kinyozi mkoba wake, akainama kwa shida, akaingiza mkono nyuma ya chungu, na uso wake ukabadilika. Breki aliujua uso ule. Ndio alioutoa yeye mwenyewe siku ya benchi la mawe, na hakuwahi kuuona kwa nje.

Hakimu aligonga kuku wake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Alikuwa kuku mzuri, aliyekaa juu ya mayai, na kila unyoya umechongwa. Breki alimsifu kwa moyo mmoja. Hakimu naye alimgonga samaki kwenye daftari lake, akamtazama kwa muda, akasema wino umekolea vizuri hasa penye mkia. Breki hakusahihisha.

Kinyozi, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya ugomvi, alikuwa akichungulia juu ya mabega yao. Akauliza hii ndiyo shughuli yenyewe. Wakasema ndiyo. Akauliza mshindi hupata nini, na Breki akamweleza. Kinyozi alisimama akikuna shingo. Halafu akakibonyeza kidole gumba chake kwenye kidau cha wino, akakigonga chini ya kuku, na kuandika pembeni: Kinyozi, nimefika.

Walirudi, kichwa kikamaliziwa, nyusi zikasalimika. Jioni Breki aliandika kwenye kundi. Alifuta mara nyingi, maana kila alichoandika kilikuwa na kosa ni lenu ndani yake, na mwishowe akatuma maneno machache: kosa ni langu, mikono imepinduka, poleni sana na miguu. Mwenye mwavuli alijibu kwamba hana neno, ila amenyolewa mara mbili.

Ajabu ni kwamba aliyelalamika ni kinyozi. Alimpigia Breki simu kumwambia duka limekuwa kimya, watu wanapita moja kwa moja kwenda maktaba, na nani alimwomba asahihishe. Alitaka kisanduku chake. Walimchongea muhuri pamoja, Jumapili, mezani kwa Breki: kinyozi alitaka kitana, na meno ya kitana yakawa yanakatika moja baada ya jingine, mpaka shemeji akaacha kunywa chai na kuchukua kisu. Meno, alisema, waachiwe wenyewe. Mkewe Breki alipoonyeshwa kazi iliyokamilika alitamka kwamba ni kitana, hana shaka hata kidogo, na Breki akatoka nje kwenda kutazama bustani.

Hakimu aliendelea na masomo. Breki alikuwa akifundisha vilevile, isipokuwa wanafunzi walishangaa kwamba siku hizi akitaka kufoka hufungua mdomo, anaufunga, halafu anauliza wameona nini kwenye kioo. Siku ya mtihani hakimu aligeuka kila kona ilivyotakiwa, akatoa kila ishara, akarudi nyuma kwa ustadi, na wakati wa kuegesha akaipitia koni ya mtahini na kuiburuta hadi getini. Akafeli. Breki alimkuta amekaa ukingoni mwa barabara akifungua kamba za viatu vyake vya heshima na kuvaa vile vya kutembelea.

Alimwuliza kama wapange siku nyingine. Hakimu akasema wapange, lakini si leo. Leo shemeji wa Mwalimu ameficha kisanduku kipya karibu na tangi la maji la zamani, na yeye anakwenda.

Walikwenda pamoja. Hawakukipata. Mvua iliwakuta katikati ya majani marefu, wakakimbilia chini ya paa la duka lililofungwa, wakasimama hapo na mikono yenye matope na madaftari yao kifuani ndani ya mifuko ya nailoni. Ili kupitisha muda hakimu alianza kumsimulia kesi ya watu wawili waliogombania mbuzi mmoja, na jinsi mbuzi mwenyewe alivyoletwa mahakamani kama kielelezo akala hati ya upande wa utetezi. Breki alicheka mpaka akaomba apumzike, akashika ukuta, kisha akamwomba aendelee.